Makapi yamepiga kundi dogo kuliko vichwa nilivyovichagua kwa mizani. Nini kimetokea?

#1 Kalibu_Moto (mtoa mada)

Salaam wakuu. Nasubu mwenyewe, yaani nayeyusha na kumimina kwenye kalibu, vichwa (kile kipande kinachoruka, bila ganda) vya bunduki yangu ya .308. Uzito ni greini 170 hivi, kama gramu 11, aloi ni risasi (ile metali laini) yenye stani na antimoni, na kitakoni navalisha kikombe cha shaba. Mifereji ya ndani ya mtutu, ile inayozungusha kichwa, ina msokoto wa mzunguko 1 kwa kila inchi 10. Baruti nafuata jedwali la mtengenezaji bila kuongeza chembe, na kipima mwendo kinasoma mita 600 kwa sekunde, juu kidogo au chini kidogo.

Safari hii nilipima kila kichwa kwa mizani kabla ya kujaza. Vilivyopishana kwa nusu greini tu nikavitenga, nikaviita daraja la kwanza. Vilivyopungua greini 1 hadi 1 na nusu ni makapi, vya kurudi chunguni. Nikajaza makapi machache kwa baruti ileile ili nione yanaharibu kiasi gani. Mita 100, meza, mifuko ya mchanga mbele na nyuma, risasi 5 kwa kila kundi.

Daraja la kwanza: 62 mm, katikati ya tundu hadi katikati ya tundu, yale mawili yaliyoachana zaidi.
Makapi: 41 mm.

Sasa mizani ni ya nini? Naomba maelezo, na mwenye kisa kama hiki akiweke hapa.

#2 Hesabu_Kwanza

Mkuu, kabla ya kutafuta sababu, hakikisha kwanza kipo kitu cha kutafutiwa sababu. Risasi 5 ni chache mno kutenganisha 62 na 41. Chukua bunduki moja, vichwa vya aina moja, mpigaji mmoja, piga makundi mengi ya risasi 5. Utakuta kundi moja ni maradufu ya jingine na hakuna kilichobadilika.

Tena hicho kipimo cha tundu la mwisho hadi tundu la mwisho kinapoteza taarifa nyingi. Kati ya matundu 5 unatumia 2. Yale 3 mengine yangekaa popote katikati, jibu lingekuwa lilelile. Na kinakua kadiri unavyoongeza risasi: bunduki inayotoa wastani wa 41 mm kwa risasi 3 itatoa kama 52 kwa risasi 5 na kama 65 kwa risasi 10, bila mtutu kuharibika wala mpigaji kuchoka. Ndiyo maana wanaopenda sifa wanapiga 3.

Tafuta kitovu cha matundu yote, pima umbali wa kila tundu hadi kwenye kitovu hicho, chukua wastani. Hapo kila risasi uliyopiga inahesabiwa.

#3 Mzee_wa_Nta

Swali moja tu, Kalibu_Moto. Kipi kilitangulia kupigwa, na mtutu ulikuwa katika hali gani?

#4 Kalibu_Moto

Daraja la kwanza lilitangulia, Mzee. Mtutu niliusafisha usiku wa kuamkia siku hiyo, kitambaa kikatoka cheupe.

#5 Mzee_wa_Nta

Basi jibu umelitaja mwenyewe. Kichwa cha kusubu hakipigi vizuri kwenye mtutu mkavu. Risasi za mwanzo kazi yake ni kupaka mifereji ile nta ya kulainishia iliyo kwenye kichwa, na mpaka koti hilo litulie kila risasi inakuta njia tofauti na mwenzake. Mimi baada ya kusafisha, risasi za mwanzo nazipeleka kwenye kifusi, wala shabaha sitazami. Wewe daraja la kwanza umelituma kulainisha njia, makapi yakapita barabara tayari.

#6 Upepo_Upepo

Na upepo mmeusahau? Upepo wa pembeni wa mita 3 kwa sekunde, huo ambao majani yanachezacheza tu na unausikia usoni, unasukuma kichwa cha umbo hilo sentimita 3 hivi kwa mita 100. Ukivuma kwenye kundi la kwanza na ukatulia kwenye la pili, tofauti yenu ya 21 mm imeisha na bado chenji inabaki. Mtoa mada hajasema kama aliweka vitambaa vya upepo.

#7 Bibi_Darubini

Upepo_Upepo, siku tukijadili mizani utasema upepo uliinua sahani. 😀 Ila hoja yako naichukua.

Mzee wangu, kwa heshima, nta yako inapimika. Kama mtutu mkavu ndio uliosababisha, risasi ya 1 na ya 2 ndizo zitakazokuwa zimekwenda mbali, za mwisho zitakuwa zimekusanyika. Kalibu_Moto, uliandika tundu lipi ni la risasi ya ngapi? Tueleze shabaha ilivyo, tundu kwa tundu. Kundi lina mengi ya kusema kuliko milimita zake.

#8 Kalibu_Moto

Niliandika, bi mkubwa. Nilikuwa natazama kwa darubini ya pembeni kila baada ya risasi.

Daraja la kwanza: ya 1, ya 3 na ya 5 zimegusana, zimekula karatasi pamoja chini kushoto. Ya 2 iko juu yao, upana wa vidole viwili. Ya 4 imekwenda kulia peke yake, kwenye saa tatu. Hiyo ya 4 na zile za kushoto ndizo zinazofanya 62. Kingo za matundu ni safi na duara, hakuna lililorefuka. La risasi ya 4 lina pete ya kijivu ya nta kama mengine.

Makapi: yamesambaa sawasawa kuzunguka kitovu, hakuna yanayogusana. Kama petali za ua hivi, katikati patupu.

#9 Bibi_Darubini

Ahsante, hii ndiyo taarifa. Ya 1 imekaa na ya 5 tundu moja. Mzee, koti la nta halielezi hilo.

Matundu ni duara, kwa hiyo vichwa havikuyumba hadi kulala ubavu. Tukiondoa hilo, baki na kundi lenye tatu pamoja na mbili watoro. Nikiona hivyo natafuta kasoro ya kichwa kimoja kimoja, siyo ya mtutu mzima.

Na kwa wale watakaokuja kusema kasi ilitofautiana: kwa mita 100 kichwa hiki kinashuka kama sentimita 15 kutoka mstari wa mtutu. Tofauti ya mita 10 kwa sekunde inabadilisha mshuko huo kwa kama milimita 5, na inabadilisha juu na chini, haisogezi kwenda saa tatu.

#10 Hesabu_Kwanza

Bibi, "tatu pamoja na mbili watoro" ni sura ambayo bahati tupu inaichora kila siku. Macho ya binadamu yanapenda kukusanya. Ukimwaga vitone 5 kwa bahati nasibu, mara nyingi utaona "tatu pamoja".

Na hilo neno mtoro ni hatari. Mtu akishalitamka, kinachofuata ni kulifuta tundu. Risasi ya kuondoa kwenye hesabu ni ile uliyosema "hii nimeivuta vibaya" kabla ya kutazama shabaha. Ukishatazama, umechelewa.

#11 Mhimili

Nimesoma yote, naomba niingie kwenye mizani yenyewe, kwa sababu hapo ndipo swali la mtoa mada lilipo.

Kichwa kimepungua greini 1. Greini ni gramu 0.065. Kama upungufu huo ni povu la hewa ndani ya risasi, povu hilo lina upana wa milimita 2.2 hivi. Si dogo. Lakini mizani haikuambii limekaa wapi. Likikaa kwenye mhimili, katikati kabisa, kichwa kinazunguka kwa mizani kamili na hakuna madhara yoyote. Likikaa milimita 2 pembeni ya mhimili, kitovu cha uzito kinahama kwa karibu milimita 0.012.

Sasa fuateni hesabu. Kichwa kikiwa ndani ya mtutu, mtutu unakilazimisha kizunguke kwenye mhimili wa umbo lake. Kikitoka mdomoni kinaachiwa, kinataka kuzunguka kwenye kitovu cha uzito wake. Kile kitovu kilichokuwa kinachora duara dogo kinaendelea na mwendo wake wa pembeni, moja kwa moja. Pembe ya kutupwa ni 6.28 mara ule mhamo, gawa kwa urefu wa msokoto. Inchi 10 ni milimita 254. Kwa mhamo wa 0.012 unapata kama milimita 30 kwa mita 100. Na upande inakotupwa unategemea povu liliangalia wapi kichwa kilipofika mdomoni, yaani lilivyokaa ulipokiingiza chemba, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa kabla ya kupigwa.

Kwa hiyo povu lilelile, greini ileile, linaweza kukutupia risasi milimita 30 juu, chini, kulia au lisikufanye kitu. Kwenye daraja la kwanza unaweza kuwa na kichwa kimoja chenye uzito sahihi lakini kitako kimepinda, mizani ikakipitisha. Kwenye makapi unaweza kuwa na povu za katikati, chini tu ya pale unapomiminia, ambako risasi huganda mwisho kwa hiyo povu nyingi huishia huko. Uzito ni shahidi wa pembeni. Ukubwa wa kosa unausema, mahali pa kosa haujui.

Na angalieni ile sura ya makapi: duara, katikati patupu. Ndivyo kundi linavyokuwa vichwa vyote vikiwa na kasoro ya ukubwa mmoja na kila kimoja kimeingizwa chemba kikiangalia upande wake.

#12 Kasi_Ndogo

Mhimili kaandika vizuri lakini karuka mzizi wa tatizo, nao ni mzunguko. Mita 600 kwa sekunde kwenye msokoto wa inchi 10 ni mizunguko zaidi ya 2,360 kwa sekunde, karibu 142,000 kwa dakika. Wengi wanaosubu wameshaona kwamba ukivuka kati ya 120,000 na 140,000 makundi yanafunguka. Pia ya kuchezea watoto, hata ikiwa na kasoro, ikizungushwa taratibu inasimama. Izungushe kwa nguvu, kasoro inaanza kuirusha. Punguza hadi mita 500, utakuja kunishukuru.

#13 Mhimili

Kasi_Ndogo, tazama tena mlinganyo: 6.28, mhamo, msokoto. Kasi haimo. Ukiongeza mwendo, mzunguko unaongezeka na mwendo wa pembeni unaongezeka, lakini kichwa kinafika haraka kwa uwiano uleule. Vinafutana. Kwa mhamo mmoja na msokoto mmoja, pembe ni ileile kwa mita 500 au 600. Anayetaka kupunguza kutupwa huku anunue mtutu wa msokoto mrefu zaidi, mzunguko 1 kwa inchi 12 au 14, mradi kichwa chake bado kinatulia hewani.

#14 Kasi_Ndogo

Kwenye karatasi nakubali. Mtutuni, hapana, kwa sababu huo mhamo haubaki uleule. Aloi ni laini. Shinikizo likipanda, kitako kinabonyea, ncha inainama inapoingia kwenye mifereji, upande mmoja unabanwa kuliko mwingine. Kichwa kilichotoka kwenye kalibu kikiwa na kasoro ya 0.003 kinatoka mdomoni na 0.01. Kwa hiyo ukiongeza kasi makundi yanafunguka hata kama mlinganyo wako haujaitaja kasi. Jina la ugonjwa tunaweza kubishana, dawa ni ileile.

#15 Mhimili

Hiyo nakubaliana nayo zaidi. Lakini basi sema shinikizo na ugumu wa aloi, usiseme idadi ya mizunguko, kwa sababu mwenye aloi ngumu na koo la mtutu lililonyooka ataivuka hiyo 140,000 yako akiwa anapiga vizuri.

#16 Fundi_Chungu

Basi atumie aloi ngumu. Ile ya zamani ya wapiga chapa, linotaipu, ina asilimia 20 ya antimoni, haibonyei kamwe.

#17 Mzee_wa_Nta

Sahihisho, kijana. Linotaipu ni risasi asilimia 84, antimoni 12, stani 4, na ugumu wake kwa kipimo cha Brinell ni kama 22. Risasi tupu ni 5 hivi. Ile ya 90-5-5 (risasi 90, stani 5, antimoni 5) inayopendwa kwa bunduki ndefu iko kama 15. Na ngumu si kila mara bora. Kichwa kigumu ambacho ni chembamba kuliko mifereji hakifungi njia, gesi inapita ubavuni, inakata risasi na kuipaka mtutuni. Ulinganifu wa kipenyo kwanza, ugumu baadaye. Kalibu_Moto, unavitoa kwenye kipenyo gani?

#18 Kalibu_Moto

Mifereji nimeipima kwa kupitisha kipande cha risasi laini, ni inchi 0.308. Vichwa natoa 0.3095 hadi 0.310. Sioni risasi iliyobaki mtutuni.

#19 Msomaji_Kimya

Nachangia mara ya kwanza hapa. Kuna Mmarekani, injinia Franklin Mann, aliwahi kuharibu ncha za vichwa makusudi akaonyesha kuwa ncha ikiharibika kundi linasambaratika. Labda daraja la kwanza lilipata mikwaruzo ya ncha kwenye boksi.

#20 Bibi_Darubini

Karibu sana. Mann alikuwa daktari wa tiba, na aliyoyachapisha mwaka 1909 yanaelekea upande mwingine: ncha ukiichezea, madhara ni madogo kuliko watu wanavyodhani, kitako ndicho kinachoharibu kundi. Kitako ndicho kitu cha mwisho kuachana na mdomo wa mtutu, na gesi inayotoka nyuma yake inasukuma kwa usawa ikiwa tu kitako kimenyooka. Huyo bwana alijenga nguzo ya zege akafunga mitutu juu yake ili mkono wa mtu usihesabike kabisa.

Kwa hiyo ushauri wangu: acha mizani kidogo, shika kioo cha kukuzia, tazama vitako. Kingo kali pande zote, hakuna sehemu iliyoviringana, kikombe cha shaba kimekaa bila kuinama. Nikikuta kimoja kimeinama hata unene wa karatasi kinarudi chunguni, hata kama uzito wake ni wa dhahabu.

#21 Alama_Saa_Kumi_na_Mbili

Mhimili kagusa ninachokifanya siku zote. Baadhi ya kalibu zina alama ndogo kwenye chumba kimoja cha kumiminia, inatoka kwenye kichwa. Kama nusu mbili za kalibu hazifungi sawasawa, kila kichwa kinatoka na kasoro upande uleule. Basi napachika vichwa kwenye maganda nikifuata ile alama, ganda naliwekea mstari wa wino, naingiza chemba mstari ukiwa juu. Kasoro haijaondoka, ila zote zinatupwa upande mmoja, na darubini inarekebisha mengine.

Tena ni kipimo kizuri. Piga kundi mstari ukiwa juu, kundi jingine mstari ukiwa chini. Vitovu vikiachana, kasoro ya kalibu unaiona kwa macho. Vikikaa pamoja, acha kuhangaika na alama. Kwenye bunduki yangu moja vitovu viliachana kwa karibu upana wa sarafu, nyingine haikujali kabisa.

#22 Anayeanza

Samahani kwa kuingilia. Vichwa vyangu vinatoka na ukungu mweupe badala ya kung'aa. Ndiyo kasoro mnayoisema?

#23 Fundi_Chungu

Ukungu ni kalibu kupata moto sana, mara nyingi vinapiga vizuri tu. Vya kuogopa ni vile vyenye makunyanzi, kalibu ilikuwa baridi. Na kwa kuwa unaanza: maji yasikaribie chungu, tone moja linarusha risasi ya moto hadi usoni. Hewa ipite, usile hapo, nawa mikono. Uwanjani, ukisikia mlio hafifu usio wa kawaida, simama. Fungua, toa, chungulia mtutu kama kichwa hakijakwama. Risasi ya pili nyuma ya kichwa kilichokwama inapasua mtutu.

#24 Upepo_Upepo

Namuunga mkono hapo mwisho kwa mikono miwili.

#25 Kalibu_Moto

Wakuu, nimerudi na matokeo, nimefuata mengi ya humu.

Mtutu sikuusafisha, Mzee. Nilipiga za kupasha kwenye kifusi kwanza. Nikaweka vitambaa vya upepo viwili, Upepo_Upepo, na nilisubiri vilale. Risasi 10 kwa 10, na sikuzipiga kundi baada ya kundi: moja ya daraja la kwanza, moja ya makapi, kila moja kwenye karatasi yake, ili joto na uchovu vigawanywe sawa. Rafiki yangu ndiye aliyekuwa akinipa risasi na kuniambia karatasi ya kushoto au ya kulia. Sikujua ipi ni ipi hadi tulipomaliza.

Daraja la kwanza: 74 mm, wastani wa umbali kutoka kitovuni 23.
Makapi: 69 mm, wastani 21.

Halafu kitu ambacho hakuna aliyekitaja. Kalibu yangu ina vyumba viwili, na chumba kimoja kina kistari kidogo kinachotokea karibu na kitako. Niliporudi nilimwaga makapi yaliyobaki mezani nikatazama. Karibu yote yana kistari. Daraja la kwanza ni mchanganyiko, mengi hayana.

#26 Hesabu_Kwanza

Hongera kwa mpangilio. Kubadilishana moja kwa moja na kupiga bila kujua ndicho kipimo cha kweli, wachache wanajisumbua hivyo. Na tazameni: 21 mm za mwanzo zimebaki 5, na kwa wastani wa umbali ni 2. Kwangu mimi hiyo si tofauti. Makundi yote mawili yametoka kwenye kapu moja.

#27 Bibi_Darubini

Lakini mara zote mbili makapi ndiyo yaliyopiga kundi dogo.

#28 Hesabu_Kwanza

Sarafu ukiirusha mara mbili ikaangukia upande uleule unaiita mbovu?

#29 Mhimili

Hilo la vyumba viwili ndilo kubwa kuliko yote. Kumbe makapi si makapi. Ni vichwa vizima vya chumba kilichokatwa kidogo zaidi. Hakuna povu, hakuna hewa. Greini 1 ni tofauti ya ujazo tu. Na vikitoka chumba kimoja vinafanana umbo, kipenyo na kasoro, wakati daraja lako la kwanza limechanganya vyumba viwili kwa sababu mizani haikuona tofauti. Hapo nalegeza niliyoyasema #11 kuhusu povu, ila hesabu ya mhamo inasimama: chumba kimoja kinaweza kuwa kimekatwa nje ya kitovu kuliko kingine.

#30 Mzee_wa_Nta

Ama chumba kimoja kinatoa 0.3095 na kingine 0.310, na mtutu wako unapenda kimoja. Pima kwa maikromita kabla hatujaingia tena kwenye mihimili.

Na nasisitiza, 62 ya kwanza ilikuwa ya mtutu mkavu. Ya 1 kukaa na ya 5 ni bahati, Hesabu_Kwanza mwenyewe ametufundisha kuwa matundu 5 hayasemi kitu.

#31 Kasi_Ndogo

Makundi ya risasi 10 ya 69 na 74 kwa mita 100 yote ni mapana. Mnabishana kuhusu daraja wakati zote mbili ziko juu ya kasi inayofaa. Shuka hadi 500 uone.

#32 Kalibu_Moto

Kasi_Ndogo, jedwali lina kipimo cha chini kinachokaribia hapo, nitakijaribu bila kushuka chini yake.

Nimepima kwa maikromita, Mzee. Chumba chenye kistari: 0.3095, kinacheza kidogo sana. Kisicho na kistari: 0.310 upande mmoja, ukikigeuza robo duara 0.3095. Si duara kamili. Baada ya kuvipitisha kwenye pete ya kusawazisha vyote vinasoma sawa, lakini ile ncha mbele ya pete inabaki ilivyotoka.

#33 Alama_Saa_Kumi_na_Mbili

Hapo sasa! Kichwa kisicho duara kinaingia kwenye mifereji kimeegemea upande. Hivyo vya chumba kisicho na kistari vitafutie alama yoyote, hata mkato wa bamba la kumiminia, piga vikiangalia juu kisha vikiangalia chini. Nataka sana kuona vitovu.

#34 Hesabu_Kwanza

Na kabla hujaenda, andika humu unatarajia nini: kitovu kitahama kwa kiasi gani, upande upi. Tukishaona karatasi, kila mtu atasema alijua.

#35 Kalibu_Moto

Naandika. Vyumba navitenganisha, mizani naiweka kando. Risasi 10 za kistari, 10 zisizo na kistari alama juu, 10 alama chini, zote kwa kubadilishana. Natarajia za kistari ziwe na wastani mdogo kutoka kitovuni kuliko hizo nyingine mbili zikichanganywa, na vitovu vya juu na chini viachane angalau milimita 10. Upande sijui, Mhimili anikokotolee.

#36 Mhimili

Nipe urefu wa mtutu kutoka pale kichwa kinaposhika mifereji hadi mdomoni. Kila inchi 10 ni mzunguko mmoja kamili, kwa hiyo inchi 22 ni mizunguko miwili na moja ya tano, na upande unabadilika. Na uniambie msokoto unakwenda kulia au kushoto.

#37 Mzee_wa_Nta

Kabla ya urefu wa mtutu, tuambie nta unayotumia ni laini au ngumu.

#38 Kalibu_Moto

Nta laini, Mzee. Mhimili, msokoto ni wa kulia. Urefu napima kesho kwa fimbo ya kusafishia, nitaweka hapa.